Vitabu vya shule ya Napoli havisomeki bila kinanda

Mtu akichukua The Art of Partimento cha Giorgio Sanguinetti (2012) akakisoma kitandani kama riwaya, atakifunga akiwa na majina mengi kichwani na vidole vitupu. Kosa si la mwandishi. Vitabu vinavyohusu shule za muziki za Napoli, Italia, vinazungumzia kitu ambacho karatasi ilibeba nusu yake tu.

Partimento ni mstari mmoja wa besi. Basi. Hakuna soprano, alto wala tenor. Pengine utaona tarakimu za kuonyesha kordi juu ya noti, na mara nyingi hata hizo hazipo. Mtoto alikaa kwenye chembalo, kinanda cha zamani chenye nyuzi zinazodonolewa, mkono wa kushoto ukapiga besi hiyo, wa kulia ukatunga yaliyobaki papo hapo. Ukizitazama kwa macho tu karatasi za aina hii zilizojaa kwenye maktaba ya San Pietro a Majella, chuo cha muziki cha Napoli, utadhani ni mazoezi makavu ya mtu asiye na la kufanya.

Kwanza tuelewane kuhusu shule zenyewe, maana hapa wasomaji wengi hujikwaa. Zilikuwa nne, zote za karne ya 16, ya Santa Maria di Loreto ikianza mwaka 1537. Zilikuwa nyumba za kutunzia yatima wa kiume, na neno konsavatori limetoka huko: mahali pa kuhifadhi. Muziki uliingia baadaye kama ufundi wa kuwapa watoto riziki, na nyumba zikapata fedha kwa kuwapeleka kuimba makanisani, kwenye maandamano na misibani. Poveri di Gesù Cristo ilifungwa mwaka 1743, Sant'Onofrio ikaunganishwa na Loreto mwaka 1797, na mabaki yote yakawa chuo kimoja kilichohamia San Pietro a Majella mwaka 1826, kilipo hadi leo. Ukikuta jina Pietà kitabuni, simama uangalie mji. Pietà dei Turchini ni ya Napoli, ya wavulana, na turchini ni rangi ya buluu ya mavazi yao. Pietà aliyofundisha Vivaldi iko Venice, na ilikuwa ya wasichana. Nimeona zikichanganywa hata katika maandishi ya watu wanaojua.

Mazingira ya kujifunzia yaliandikwa na Mwingereza Charles Burney, aliyeingia Sant'Onofrio mwaka 1770. Kwenye ngazi za chini alimkuta mpiga tarumbeta, juu yake mpiga honi. Katika chumba cha mazoezi palikuwa na chembalo saba au nane, fidla zaidi ya hizo na waimbaji kadhaa, kila mmoja na wimbo wake na ufunguo wake, huku wengine wakiandika humo humo. Vitanda ndivyo vilivyokuwa viti. Burney alichukizwa. Mimi naona jambo moja ambalo hakulipa uzito: katika kelele ile hakuna anayeweza kufikiri kordi moja moja. Kinachobaki ni kile ambacho mkono umeshakikariri.

Na kimoja kati ya vitu vya kwanza kukaririwa kilikuwa kanuni ya oktava: kila noti ya skeli inapokuwa besi ina kordi yake. Kwetu tuliolelewa na solfa ya kwaya inaandikika kirahisi. Ukipanda: juu ya do weka mi na so, juu ya re, fa-so-ti, juu ya mi, so-do, juu ya fa, la-do-re, juu ya so, ti-re, juu ya la, do-fa, juu ya ti, re-fa-so, kisha do. Ukishuka: juu ya ti, re-so, juu ya la, do-re-fe (fe ni fa iliyopandishwa nusu hatua), juu ya so, ti-re, juu ya fa, so-ti-re, juu ya mi, so-do, juu ya re, fa-so-ti, do.

Tazama fa. Inapopanda kwenda so inabeba la-do-re. Inaposhuka kwenda mi inabeba so-ti-re. Besi ni ile ile, kordi mbili tofauti, kwa sababu Wanapoli hawakuuliza noti iko wapi bali inaelekea wapi. Mpiga kinanda aliyefunzwa kuweka fa-la-do juu ya fa kila anapoikuta hukwama hapa hapa: akitoka fa-la-do kwenda so-ti-re kwa kusogeza mkono mzima juu, tano (umbali wa noti tano) ya fa na do inafuatwa na tano ya so na re, na sauti mbili zinageuka kuwa moja. Kanuni inatibu hilo kwa kuleta re mapema. Re inakaa palepale, do inashuka ti, la inashuka so. Na fe kwenye la inayoshuka lazima ipande so. Wengi huiangusha kuwa fa, na utamu wote unapotea.

Fanya hivyo katika nafasi tatu za mkono wa kulia, yaani ukianza na do juu, kisha mi juu, kisha so juu. Usihamie ufunguo wa pili kabla zote tatu hazijatoka bila kusita. Kisha ongeza miishio, yaani kordi za kufungia. Ule unaoitwa cadenza doppia una mapigo manne juu ya besi so: ti-re, do-mi, do-re, ti-re, halafu do. Fedele Fenaroli, mwanafunzi wa Francesco Durante, mwalimu wa shule hizi, aliyapanga mambo haya katika Regole yake ya mwaka 1775. Ni huyo aliyemfundisha Vincenzo Lavigna, na Lavigna akamfundisha Verdi, mtunzi wa opera.

Hapo sasa Music in the Galant Style cha Robert Gjerdingen (2007) kitafunguka. Kinaonyesha mifumo iliyorudiwa na watunzi wa karne ya 18, kwa mfano Prinner: sauti ya juu la-so-fa-mi, besi fa-mi-re-do. Piga mara kumi utaanza kuisikia kila mahali. Lakini usidhani Durante alisema "Prinner". Fonte, Monte na Ponte ni majina ya mifumo mingine aliyoyaandika mwananadharia Joseph Riepel karne ile ile. Prinner na Meyer yamewekwa na Gjerdingen mwenyewe. Child Composers in the Old Conservatories (2020), cha huyo huyo, ndicho ningempa asiyejua chochote.

The Solfeggio Tradition cha Nicholas Baragwanath (2020) ni kigumu zaidi, na mwanakwaya wa solfa atakisoma kwa mshangao. Majina ya kuimbia yalikuwa sita tu, ti haikuwepo. Skeli ya do ilipanda hivi: do re mi fa sol re mi fa. Unapofika kwenye la unabadili jina na kuiita re, ili nusu hatua iangukie mi-fa daima. Usijaribu kuyasoma mazoezi yale kwa solfa yetu, iliyotoka kwa Curwen wa Uingereza karne ya 19. Utaona mtunzi kama amekosea, kumbe anayekosea ni wewe.

Kwa anayesoma Kiitaliano wapo Francesco Florimo wa miaka ya 1880 na Salvatore Di Giacomo wa miaka ya 1920. Florimo alikuwa mkutubi wa chuo hicho na alikipenda mno, kwa hiyo sifa zake zipunguze kidogo. Majina juu ya nakala za mkono nayo yana matatizo yake: besi ile ile unaweza kuikuta daftari moja kwa jina la Durante na jingine kwa jina la Leonardo Leo, mtunzi mwingine wa Napoli. Wanafunzi walinakili walichopewa, na aliyewapa hakuwa lazima mtunzi. Mara nyingi alikuwa mwanafunzi mkubwa, mastricello, aliyewafundisha wadogo siku ambazo mwalimu hakuja.