Je, wajua kwa nini manowari moja ya Star Wars ina vipimo viwili?

Wapenzi wa Star Wars, filamu za vita vya anga za juu, wanaokutana barazani Mji wa Kale, Mombasa, hawakosi kubishana kuhusu Executor, manowari ya angani ya mhusika mwovu Darth Vader iliyoonekana kwanza katika filamu ya mwaka 1980. Mmoja hushikilia kwamba urefu wake ni kilomita 8, mwenzake kwamba ni 19, na kila mmoja ana kitabu kilichotolewa kwa idhini cha kumtetea. Hata kipimo kidogo kinazidi urefu wa kisiwa chote cha Mombasa, kwa hiyo tofauti hiyo si ndogo.

Chanzo ni kwamba picha na nambari hazikutoka mikononi mwa watu wale wale. Watengenezaji wa filamu waliunda mfano wa chombo na kuupiga picha. Walichotaka ni mtazamaji aone manowari nyingine zikimezwa na kivuli chake, na kwa kazi hiyo hawakuhitaji kilomita. Nambari ilihitajiwa baadaye na kampuni ya West End Games, iliyoanza mwaka 1987 kuchapisha mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, ambao hauchezeki bila kila chombo kupewa urefu, kasi na idadi ya mabaharia. Vitabu vyake viliipa manowari ya kawaida, Star Destroyer, urefu wa kilomita 1.6, na Executor mara 5 ya huo, yaani 8. Waandishi wa riwaya walivitegemea vitabu hivyo, na nambari ikarithiwa kitabu hadi kitabu mpaka ikaonekana kana kwamba kuna aliyeipima.

Waliopima kweli walikuwa mashabiki, miongoni mwao mwanafizikia wa nyota Curtis Saxton. Mnara wa uongozi ulio juu ya Executor una umbo lile lile la mnara wa Star Destroyer. Ukichukulia kwamba minara hiyo inalingana kwa ukubwa, unaweza kuutumia mmoja kama rula ya kupimia mwili mzima wa chombo, na jibu huwa takriban mara 11 ya urefu wa Star Destroyer, yaani kilomita 17.6. Hoja hiyo inasimama juu ya dhana moja, kwamba umbo sawa ni ukubwa sawa, lakini naiona ina nguvu kuliko nambari ya mchezo, kwa sababu inaanzia kwenye filamu yenyewe. Machapisho rasmi nayo hatimaye yaliiacha 8 yakashika 19, iliyo karibu na hesabu hiyo.

Hitilafu ya maneno hutibika kwa njia nyingine. Katika filamu ya mwaka 1977, rubani Han Solo alijigamba kwamba chombo chake kilimaliza safari ya sayari ya Kessel kwa chini ya parseki 12, ilhali parseki ni umbali, takriban miaka ya mwanga 3.26, wala si muda. Waandishi wa riwaya waliweka kundi la mashimo meusi karibu na Kessel, ili rubani anayethubutu kuyakaribia awe ameifupisha njia. Filamu ya mwaka 2018 nayo ikafuata wazo hilo la njia iliyofupishwa. Majigambo ya mhusika yanaweza kupewa kisa cha kuyaeleza, na hadithi ikanenepa. Kilomita 8 zilizochapishwa kwenye jedwali hazina kisa cha kuziokoa, ndiyo maana zilifutwa.

Tarehe 25 Aprili 2014, Lucasfilm, kampuni inayotengeneza Star Wars, ilitangaza kwamba riwaya za awali zitaitwa Legends na hazitawafunga tena waandishi wapya. Vitabu vyenyewe, hata hivyo, vimebaki rafuni, na mabishano ya barazani yanaendelea.