Imetoka, haikutolewa: ninayowaeleza wanawake baada ya mimba kuharibika

Kwa Kiswahili, mimba kutoka na mimba kutolewa ni maneno yanayokaribiana mno kwa mambo yaliyo mbalimbali kabisa. Katika kliniki yangu ya magonjwa ya wanawake nimeona jinsi tofauti hiyo inavyomezwa na maswali ya mawifi na majirani, na hata na maandishi yetu madaktari, kwa kuwa neno la Kiingereza tulilozoea kuliandika kwenye kadi ni lilelile la utoaji mimba. Mwanamke akilisoma hushtuka, na ana haki. Siku hizi mimi huandika kwamba mimba imeharibika yenyewe.

Kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, mtoto akifa tumboni kabla ya wiki 28, mimba huhesabiwa kuwa imeharibika. Katika kila mimba 100 zilizokwisha kujulikana, kati ya 10 na 20 hivi huishia hapo, nyingi kabla ya wiki ya 12. Takriban nusu ya hizo za mapema hutokana na hitilafu za kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba vinasaba: yai na mbegu vinapoungana, vinasaba huzidi au hupungua, na mimba ya namna hiyo isingeendelea hata kama mama angelala kitandani tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo nikiulizwa kuhusu ndoo ya maji, nanasi, ugomvi na mume au tendo la ndoa, hujibu bila kusitasita kwamba sivyo vilivyoiharibu. Tunachokitafuta ni yale yanayotibika, kama malaria, kaswende, kisukari kisichodhibitiwa na matatizo ya tezi ya shingo, hasa mimba zinapoharibika mfululizo.

Matibabu ni kusubiri itoke yote, kutumia misoprostol, dawa inayokibana kizazi kitoe mabaki, au kusafishwa kizazi kwa pampu ya mkono. Pedi kubwa mbili zikilowa kila saa kwa saa mbili mfululizo, au ikiwapo homa, uchafu wenye harufu, kizunguzungu au maumivu makali ya upande mmoja wa tumbo, usisubiri kukuche, nenda hospitali. Yai linaweza kupevuka tena ndani ya wiki mbili, na mimba nyingine ikaingia, jambo ambalo wengi hawaambiwi.

Hawaambiwi pia kuhusu maziwa. Mimba ikiharibika baada ya miezi minne hivi, matiti yanaweza kujaa siku chache baadaye, na mama aliyekwisha kujikaza hadi hapo ndipo anapovunjika, kwa sababu mwili wake unamtayarishia chakula mtoto asiyekuwapo.

Mimba changa aghalabu haina msiba: hakuna turubai wala rambirambi, na mfiwa huambiwa “utapata mwingine” kabla damu haijakatika. Afadhali mgeni aseme pole, afue nguo zilizolundikana, kisha anyamaze. Baba naye huulizwa hali ya mkewe tu. Nchini Kenya, shirika la Still A Mum, lililoanzishwa na Wanjiru Kihusa baada ya yeye mwenyewe kupoteza mimba, huwakutanisha wazazi wa namna hii. Pasipo na kundi kama hilo, mkunga mwenye subira anafaa. Na huzuni ikizuia usingizi na chakula kwa wiki kadhaa, tafuta mshauri nasaha. Mlango wangu nao uko wazi, hata kwa anayekuja kuuliza habari ya nanasi kwa mara ya tatu.