Pesa imetoka Kirumba, haijafika Nansio: swali la kujiandaa nalo kabla ya usaili

"Kaka, nimeitwa kwenye usaili wa kampuni ya teknolojia ya fedha. Nisome nini?" Meseji kama hii huniingia mara kwa mara kutoka kwa wadogo zangu wa hapa Mwanza wanaomaliza vyuo. Kazi yangu ni mifumo ya malipo, na mara kadhaa nimekaa upande wa wanaouliza maswali. Wengi niliowaona wakikwama walikuwa wanajua kuandika programu vizuri tu. Ila hawajawahi kuifuata shilingi moja tangu inapotoka hadi inapofika.

Basi tuifuate. Asubuhi, mwaloni Kirumba, mama anayeuza dagaa anamtumia mvuvi wake wa Ukerewe laki mbili. Simu yake ni kitochi, kwa hiyo anapiga menyu ya nyota, anaweka namba, kiasi, namba ya siri. Mtandao unakata hapo hapo. Salio limepungua, lakini kwa mvuvi, kule Nansio kisiwani Ukerewe, hakuna meseji iliyoingia. Mama anarudia kutuma. Je, zimekwenda laki mbili au laki nne?

Anayejiandaa kwa kusoma vitabu peke yake hujibu haraka: kila ombi lina namba yake ya kumbukumbu, na mfumo ukiiona namba ileile mara ya pili unatoa jibu la mwanzo bila kukata tena. Ni kweli, na inafaa pale ambapo mtambo wenyewe ndio unaorudia ombi. Lakini huyu mama ameanza menyu upya, na ombi lake jipya limepewa namba mpya. Kwa mfumo, hiyo ni miamala miwili halali. Inabidi uongeze kinga nyingine: mpokeaji yuleyule, kiasi kilekile, ndani ya dakika chache, basi mfumo umuulize mteja kama kweli anataka kutuma tena. Usimzuie kabisa, maana huenda ananunua gunia la pili. Msailiwa akifika hapa bila kusukumwa, mimi huweka kalamu chini nikamsikiliza.

Baada ya hapo huja swali lililonishinda kwenye usaili wangu wa kwanza: pesa iliyokwama njiani utaifanyaje? Nilisema, "Nitamrudishia mteja pesa yake papo hapo." Kwenye jopo alikuwepo mama mmoja mhasibu, akaniuliza kwa upole: "Utamrudishia kutoka mfuko upi, mwanangu?" Sikuwa na jibu. Kazi sikuipata, lakini lile swali nililibeba hadi nikalielewa.

Salio unaloliona kwenye simu ni maandishi ya deni ambalo kampuni inadaiwa na wewe. Pesa yenyewe iko benki, kwenye akaunti ya amana ambayo kampuni haina ruhusa ya kuifanya yake. Ndivyo zinavyotaka kanuni za pesa za kielektroniki zilizotoka mwaka 2015, mwaka uleule wa Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa. Jumla ya salio za wateja lazima ishikwe na pesa iliyoko benki. Ukimrudishia mama laki mbili kabla hujajua kama mvuvi ameshapokea, na kumbe amepokea, umeumba laki mbili ambazo benki hazipo. Kwa hiyo muamala uliokwama unawekwa kwenye akaunti ya kati, unauliza upande wa pili, kisha ndipo unaukamilisha au kuurudisha. Na unaporudisha, hufuti mstari wa zamani. Unaandika mstari mpya wa kinyume chake, ili atakayekagua baadaye aone yote mawili.

Mama na mvuvi wakiwa mitandao tofauti, katikati unaweza kukuta TIPS, mfumo wa Benki Kuu unaounganisha mabenki na kampuni za simu. Sasa kuna vitabu vitatu vya hesabu, cha mtandao wa mama, cha mtandao wa mvuvi na cha TIPS, na kila siku lazima visomeke sawa. Kulinganisha hesabu hizo ni kazi inayodharauliwa na vijana wengi. Mimi naiona ndiyo shule yenyewe.

Mtihani wa kuandika programu sitausemea sana. Shilingi zihifadhi kwa namba kamili, usitumie desimali za kompyuta: lugha nyingi za programu zikijumlisha 0.1 na 0.2 hukupa 0.30000000000000004, na huo mkia ukijirudia kwenye mamilioni ya makato, hesabu hazifungi.

Wiki moja kabla ya usaili, nenda kwa wakala unayefahamiana naye, Igoma au Buzuruga, saa ambayo hakuna foleni. Muombe akueleze floti yake, yaani salio lake la kazi kwenye simu, inavyotembea, bila kuchungulia daftari la wateja; taarifa zao zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Utajifunza kwamba mteja akiweka pesa, floti ya wakala inapungua na noti mkononi zinaongezeka, na akitoa ni kinyume chake. Wasailiwa wengi huligeuza hili, kwa sababu wamezoea kusimama upande wa mteja. Muulize pia kuhusu wale wa "ile pesa tuma kwenye namba hii". Atakusimulia mbinu za matapeli ambazo hutazikuta kwenye somo lolote la chuo.

Kisha chora njia nzima kwenye karatasi moja na umweleze mtu wa nyumbani kwa Kiswahili. Utakaposita, hapo ndipo hujaelewa. Rudi kasome hapo.

Na wakikupa nafasi ya kuuliza, waulize hivi: muamala uliokwama mara ya mwisho uligunduliwa na mfumo wenu, au mteja ndiye aliyepiga simu? Wakikuonyesha jinsi mfumo ulivyoanza kuuona, hapo utajifunza kazi. Wakitazamana, mimi ningefikiri mara mbili kabla ya kusaini.