Barua Moja, Kurasa Mbili: Kwa Nini Maandishi ya Ofisi Hubadilika Yakihamia Kompyuta Nyingine

Barua ya ukurasa mmoja imeandikwa asubuhi katika biro moja ya Lubumbashi. Mkubwa wa huduma ameisoma, ameiona safi, na inatumwa Kasumbalesa ichapwe na kugongwa muhuri hukohuko. Ikifunguliwa kule, aya ya mwisho imeteremka, na nafasi ya sahihi imebaki peke yake juu ya ukurasa wa pili. Wa Kasumbalesa anasema mashini ya Lubumbashi ina virisi. Wa Lubumbashi anajibu kwamba yenye virisi ni ile ya mpakani. Wote wawili wamekosea, na hakuna dawa ya virisi itakayowasaidia.

Sisi wa huduma ya informatiki tunaletewa lalamiko hili mara kwa mara, na mara nyingi mwenye kulileta huomba radhi, kana kwamba anatusumbua kwa jambo la urembo. Si la urembo. Ukurasa wenye sahihi na muhuri bila mstari hata mmoja wa barua ni karatasi ya hatari: yeyote anayeushika anaweza kuutangulizia ukurasa mwingine aliouandika mwenyewe. Orodha ya malipo ambayo safu zake zimehama mahali ni hatari vilevile, ingawa ya namna nyingine.

Faili haina kurasa ndani yake

Wengi hudhani faili ya Word ni picha ya karatasi. Ndani ya faili hiyo kuna maneno, na pamoja na maneno kuna maagizo: kichwa hiki kiwe kinene, aya hii iwe na fonti fulani, pembeni pabaki sentimita mbili na nusu. Isipokuwa mwandishi ameweka mkato wa ukurasa kwa mkono wake, hakuna agizo linalosema ukurasa wa kwanza uishie wapi. Kompyuta inayofungua faili ndiyo inayopiga hesabu hiyo upya, kwa fonti ilizonazo, kwa programu iliyonayo na kwa mipangilio ya mwenyewe. Kumtumia mtu faili ya Word ni kumtumia maelekezo ya kupika bukari. Unga na sufuria atatumia vyake. PDF ndiyo bukari iliyokwisha kuiva.

Basi swali la kujiuliza ni hili: kati ya kompyuta yangu na ya mwenzangu, nini hakifanani?

Lubumbashi jibu lake ni refu kuliko katika miji mingi. Kompyuta zetu zimetoka pande zote. Kuna zenye Windows ya Kifaransa na kibodi ya AZERTY. Kuna zilizonunuliwa Afrika Kusini, Zambia au Dubai, zikaja na Kiingereza na kibodi ya QWERTY. Na kwa kuwa huu ni mji wa shaba, maandishi mengi hupitia biro za kampuni zenye wafanyakazi Wachina, ambako utakuta Windows ya Kichina na programu ya WPS Office badala ya Word. Kabla ya kupata muhuri wa mwisho, mkataba mmoja unaweza kupita katika mashini za namna zote tatu, kisha mtu akaufungua tena kwenye simu na kuusahihisha humo.

Fonti

Hapa ndipo penye sababu kubwa kuliko zote. Faili hubeba jina la fonti. Fonti yenyewe haibebi, isipokuwa umeiagiza. Kompyuta isiyo na fonti hiyo huchagua nyingine inayoifanania, wala haikuulizi. Herufi za fonti ile nyingine zikiwa pana kidogo tu, neno moja linaruka mstari, mstari unasukuma aya, na aya inasukuma sahihi.

Word yenyewe imebadilisha fonti yake ya kawaida zaidi ya mara moja. Hadi toleo la 2003 ilikuwa Times New Roman. Kuanzia 2007 ikawa Calibri, na nafasi kati ya mistari ikaongezwa. Tangu 2023 Microsoft imeanza kuweka Aptos, fonti ambayo kompyuta zenye Office ya zamani hazina. Kwa hiyo sekretere mwenye kompyuta mpya anayeandika bila kuchagua fonti anaandika kwa Aptos, na barua yake ikifika kwenye Office ya 2010 itavaa nguo nyingine.

Ushauri wetu ni kwamba ofisi ichague Times New Roman au Arial, na asiwepo wa kutoka nje ya hizo. Najua wapo watakaosema Times New Roman ni ya kizee. Kweli, gazeti la The Times la London lilianza kuitumia mwaka 1932. Lakini iko karibu katika kila Windows na kila Mac, na wanaotumia LibreOffice, programu ya bure inayofanya kazi kama ya Word, wana Liberation Serif, iliyotengenezwa makusudi herufi zake ziwe na upana uleule wa Times New Roman. Arial nayo ina mwenzake, Liberation Sans. Hata kompyuta ikibadilisha fonti, mistari haitahama sana. Barua ya ofisi haishindani urembo.

Ikiwa taasisi ina fonti yake maalumu na haiwezi kuiacha, ifungashwe ndani ya faili. Katika Word ya Kifaransa nenda "Fichier", "Options", "Enregistrement", kisha weka alama mbele ya "Incorporer les polices dans le fichier". Faili itakuwa nzito, na si kila fonti inaruhusu kufungashwa.

Neno moja kuhusu kompyuta za Kichina, kwa sababu tatizo hili huwashangaza watu. Unaandika "ng’ombe" au "l’eau", na baada ya faili kupita kule, alama ya kikato inaonekana imetenganishwa na herufi zinazoifuata, kama vile mtu ameweka nafasi katikati ya neno. Hakuna aliyeweka nafasi. Kikato kile kilichopinda hutumika katika Kichina pia, na katika fonti za Kichina hupewa upana wa herufi nzima. Kukifuta na kukiandika tena ni kupoteza muda. Fungua dirisha la fonti kwenye kompyuta hiyohiyo: pana nafasi ya pili, ya fonti za lugha za Asia. Nayo iwekwe itumie fonti ileile ya herufi za Kilatini.

Karatasi ambayo hatuna

Sisi tunachapa kwenye A4, milimita 210 kwa 297. Marekani wanatumia Letter, milimita 216 kwa 279. Kompyuta nyingi zilizowekwa Kiingereza cha Marekani hufungua ukurasa mpya kwa kipimo cha Letter, na mwenyewe hajui kwa sababu kwenye skrini karatasi zote ni nyeupe. Tofauti ya urefu ni milimita 18, yaani nafasi ya mistari mitatu hivi ya herufi za 12. Mistari mitatu inatosha kabisa kuipeleka sahihi ukurasa wa pili. Angalia "Mise en page", halafu "Taille". Ni kazi ya sekunde chache, nayo ndiyo ya kwanza kufanywa kompyuta mpya inapoingia biro.

Kidole kwenye kibonyezo cha nafasi

Sasa tuseme ukweli. Sehemu kubwa ya maandishi yanayovurugika yalikuwa yamekwisha kuvurugika tangu yalipozaliwa. Kompyuta ya kwanza iliyaficha tu. Mtu anataka tarehe ikae kulia, anabonyeza nafasi mara arobaini. Anataka kuanza ukurasa mpya, anabonyeza Entrée mpaka afike. Anataka majina mawili ya watia sahihi yakae sambamba, anayasukuma kwa nafasi mpaka macho yaridhike. Kwenye skrini yake panapendeza. Lakini upana wa nafasi moja unategemea fonti na ukubwa wake, na fonti ikibadilika, nafasi zile arobaini zinafika kwingine.

Bonyeza alama ya ¶ kwenye menyu ya "Accueil". Utaona kila nafasi imekuwa nukta na kila Entrée imekuwa ¶. Ukiona msafara wa nukta, hapo pana tatizo linalosubiri safari. Tarehe ipangwe kulia kwa kitufe cha kupanga kulia. Ukurasa mpya uanzishwe kwa Ctrl na Entrée pamoja. Majina mawili ya watia sahihi yawekwe ndani ya jedwali la safu mbili ambalo mistari yake imefutwa, jedwali halisogei. Nembo ya taasisi iwekwe "Aligné sur le texte", ili isielee na kulalia anwani.

Kuhusu ile sahihi iliyobaki peke yake, Word ina dawa ambayo watu wachache wameigusa. Chagua aya ya mwisho ya barua pamoja na mistari inayoifuata hadi ule ulio juu ya jina la mtia sahihi. Fungua "Paragraphe", nenda "Enchaînements", weka alama kwenye "Paragraphes solidaires" na "Lignes solidaires". Kuanzia hapo, hata kompyuta nyingine ikihesabu vibaya, sahihi haitaondoka peke yake. Itakwenda na aya nzima ya barua.

Vichwa navyo vipewe mitindo ya "Titre 1" na "Titre 2" badala ya kunenepeshwa kimoja kimoja. Uzuri wa mitindo hii ni kwamba Word inaijua kwa lugha zote: faili ikifunguliwa kwenye Word ya Kiingereza au ya Kichina, mtindo unajitambulisha kwa jina la huko na kazi yake inabaki ileile.

Wanaokusanya raporti za huduma mbalimbali na kuzifanya moja wanalijua pia balaa la kunakili na kubandika. Kila kipande kinaingia na tabia za kwao, au kinazipoteza nusu. Unapobandika, chagua "Conserver uniquement le texte", kisha vipe vichwa mitindo ya raporti yako. Inaonekana kama kazi ya ziada, lakini ni ndogo sana ukilinganisha na jioni ya kuwinda nafasi zisizolingana katika kurasa sitini.

Excel, ambako kosa halionekani

Barua ikivurugika, kila mtu anaona. Jedwali linaweza kuvurugika likabaki safi machoni, na hapo ndipo ninapoogopa zaidi. Katika mipangilio ya Kifaransa mkato ndio unaotenga desimali. Katika ya Kiingereza ni nukta. Mhasibu wetu akiandika 1.500 akiwa na maana ya faranga elfu moja na mia tano, kompyuta ya Kiingereza itasoma moja na nusu. Tarehe 03/04/2024 kwetu ni tarehe tatu ya mwezi wa nne, na kwa mipangilio ya Marekani ni tarehe nne ya mwezi wa tatu. Faili za CSV, yaani jedwali lililohifadhiwa kama maandishi matupu yenye alama ya kutenga safu, zina shida yake: Kifaransa kinatenga safu kwa nukta-mkato, Kiingereza kwa mkato, kwa hiyo orodha nzima huweza kufunguka ikiwa imerundikana katika safu moja.

Andikeni namba bila nukta ya maelfu, mkiiachia Excel iipange kwa muundo wa seli. Tumeni .xlsx, si CSV, pasipo sababu maalumu. Majina ya fomula yasiwatie wasiwasi, maana SOMME hujigeuza SUM yenyewe ikifika kwenye Excel ya Kiingereza. Kinachoshindwa kujigeuza ni kilicho ndani ya alama za kunukuu: fomula ya TEXTE yenye "jj/mm/aaaa" haitatoa tarehe sahihi kwenye kompyuta inayosubiri herufi za Kiingereza za siku na mwaka.

Modeli moja, mtu mmoja

Yote haya yakiachwa kwa kila mfanyakazi ayakumbuke, hayatakumbukwa. Ofisi itengeneze modeli moja ya barua na moja ya raporti, zihifadhiwe kama .dotx, aina ya faili ya modeli za Word: A4, fonti iliyokubaliwa, nembo mahali pake, jedwali la sahihi tayari. Pasipo seva, zipitishwe kwa flashi na kuwekwa kwenye folda ya "Modèles Office personnalisés" katika kila kompyuta. Jina la faili liwe na namba ya toleo, na awepo mtu mmoja tu mwenye ruhusa ya kuibadilisha modeli. Pale ambapo kila mmoja anaruhusiwa kurekebisha modeli, baada ya miezi michache kuna modeli nyingi kuliko wafanyakazi.

Maandishi yanayosubiri kusahihishwa na wengine yatumwe kama .docx. Yaliyokwisha kukubaliwa, yanayokwenda kuchapwa au kutiwa sahihi, yatumwe kama PDF, ambamo fonti na kurasa huwa zimekwisha kupangwa. Hii inahusu hasa wanaopeleka kazi kwenye vibanda vya kuchapa na fotokopi karibu na vyuo: mwanafunzi anayefika na flashi yenye .docx ya mémoire anaiweka mikononi mwa fonti za kibanda.

Kabla ya kugawa modeli, ijaribuni. Andikeni barua inayokaribia kuujaza ukurasa, ifungueni kwenye kompyuta ya mapokezi, ya uhasibu, na ile ya zamani kuliko zote, kisha mlinganishe neno la mwisho la ukurasa wa kwanza. Likitofautiana, tazameni kwanza jina la fonti, halafu kipimo cha karatasi, halafu juu ya dirisha kama pameandikwa "Mode de compatibilité". Maneno hayo yakiwepo, faili ilihifadhiwa kwa muundo wa Word ya zamani, na inatakiwa ihifadhiwe upya kama .docx kabla ya kuendelea na jaribio.