Hesabu taa kwanza, ndo uwashe pasi ya kuchomelea

Juzi kati kaka mmoja wa Upanga kaniletea bodi ya pinboli, ile mashine ya gololi ya chuma unayoirudisha juu kwa vile vibao viwili, hii ni ya kampuni ya Bally, ya mwishoni mwa miaka ya 70. Ananiambia fundi, yule wa kwanza kabadilisha chipu tatu na wapi. Nikajua tu, jamaa hakuhesabu taa.

Iko hivi, kwenye bodi kuu ya hizi Bally kuna kitaa kimoja cha LED, ukiwasha kinapepesa kidogo, hapo prosesa ya 6800, yaani ubongo wa bodi, imeamka, halafu kinakonyeza mara saba na kila konyezo ni kipimo kimoja kimepita: ROM (chipu zenye programu ya gemu), kisha memori U7, memori U8 (hizo U ni namba za chipu kwenye bodi), halafu PIA mbili U10 na U11 (chipu zinazoiunganisha prosesa na sehemu nyingine), la sita saketi ya displei, la saba linataka ile volti 43 ya koili, zile sumaku za umeme zinazosukuma vibao. Sasa kikiishia matatu, unahangaika na ROM ya nini? Nenda U10, na anza na soketi yake. Kikigomea sita bodi ikiwa imefungwa ndani ya mashine, cheki fyuzi ya koili kwanza, ya buku tu hiyo.

Ya huyu kaka kitaa kilikuwa kimeganda kinawaka tu, hata kupepesa hakuna, yaani prosesa haijaamka kabisa. Nikageuza macho kwenye betri. Pale kuna betri ya kuchaji ya nikadi ya volti 3.6 imechomelewa kwenye bodi yenyewe (sijui nani aliona hilo ni wazo zuri) na ikizeeka inavuja, na saketi ya riseti, ile inayoamsha prosesa, iko jirani yake kabisa, kwa hiyo ndo inaliwa ya kwanza. Ilikuwa kijani tupu, na unyevu wetu huu wa pwani ndo unamalizia.

Nikang'oa betri na vyote vilivyoguswa. Maji ya betri ile ni alkali, so nikachanganya siki na maji nusu kwa nusu, nikasugua na mswaki, nikasuuza maji safi, halafu spiriti, nikaacha ikauke vizuri. Usiruke hatua hii, risasi ya kuchomelea haishiki kwenye kutu hata ufanyeje, kwangua hadi uone shaba nyekundu. Njia za shaba zilizokatika nilizitafuta moja moja kwa mita ya umeme nikaziunga kwa waya, transista na rezista za pale zikaenda Kariakoo kutafutiwa wenzake. Betri mpya nikaiweka mbali kwa waya, na dayodi njiani (inapitisha umeme upande mmoja tu), maana bodi inachaji na betri za kawaida hazitaki kuchajiwa.

Mezani nikaipa volti 5 na 12, kaka kasimama anahesabu kwa sauti, moja, mbili... sita, kimya. Uso ukamshuka. Nikamwambia tulia kaka, hapa mezani 43 haipo, la saba utalionea kwako. Jioni saa kumi na mbili kanipigia, hata salamu hakuna: "Saba, fundi!"