Mgonjwa Anapogeuka Namba ya Kitanda

Sista mmoja wa wodi ya wazazi (kaniruhusu nisimulie) aliingia ofisini kwangu akasema hana tatizo, metroni ndiye kamlazimisha kuja. Anakula, analala, halii. "Ila siku hizi sisikii kitu, dada." Juma lililotangulia mama mmoja alifiwa na kichanga mikononi mwake. Sista akajaza fomu, akanawa, akaenda kunywa chai. Chai ikawa tamu kama siku zote, na huo utamu ndio uliomtisha.

Mimi ni mwanasaikolojia, na wateja wangu wengi ni watu wa afya. Tumezoea kudhani aliyechoka kihisia atajulikana kwa machozi. Wengi wao hukauka. Mwanasaikolojia Mmarekani Christina Maslach, ambaye dodoso lake na mwenzake la mwaka 1981 tunalitumia hadi leo, alitaja mambo matatu ya uchovu huu wa kazini (burnout): hisia kuisha, kuwaona watu kama vitu, na kuona hufanikishi lolote kazini. Mimi hutega sikio kwenye la pili, jinsi mtu anavyowaita wagonjwa wake. Akiniambia "namba nane kanisumbua usiku kucha", naweka kalamu chini.

Wala si roho mbaya. Moyo umefunga duka mapema, usije ukaibiwa hata kilichobaki.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliiweka hali hii kuwa jambo la kazini, si ugonjwa. Nauunga mkono uamuzi huo, maana tukimpima mtu bila kuipima kazi yake tutamrudisha palepale. Sista huyu alikuwa ametoka likizo ya siku 28, kwao kijijini, kanenepa. Akarudi kwenye zamu zilezile, wajawazito wawili kitanda kimoja, na wiki mbili hazikuisha akawa amekauka tena. Ndiyo maana semina za "jipende, kunywa maji mengi" hunikera kidogo. Maji anakunywa.

Tulikaa na metroni tukaipangua ratiba: zamu za usiku zisizidi tatu mfululizo, na anayetoka usiku asiitwe mchana wake kuziba pengo. Kingine hakikugharimu hata shilingi. Kikitokea kifo, waliokuwepo wanakaa dakika kumi chumba cha chai kabla ya kuachana. Wanamtaja mama kwa jina lake, wanasema walichofanya na kilichowauma. Nani kakosea, haliulizwi hapo. Hilo lina kikao chake. Mara ya kwanza walikaa kimya dakika zote kumi. Nikawaambia hata hiyo inatosha.

Angalizo moja: ukavu huo ukikufuata hadi nyumbani, hata watoto wako wasikufurahishe, au ukaanza kuwaza kufa, usiuite uchovu. Huenda ni sonona (depression). Muone daktari upesi.

Mwezi wa tatu tangu tuanze kuonana, sista alichelewa miadi yetu. Akaketi, macho mekundu, anacheka. "Nimelia kwenye daladala tangu Ubungo. Konda kaniangalia tu, hata nauli hakudai."