Je, wajua kwa nini vijana watano wanaopiga kwa zamu huhesabiwa kuwa timu?

Ukitazama mchezo wa trapu kwa mara ya kwanza, huoni pasi wala kukaba. Vijana watano wamesimama kwenye mstari uliopinda kidogo, kila mmoja na bunduki yake ya marisau, yaani chembe ndogo nyingi zinazotoka kwa pigo moja. Mita 14.6 mbele ya kila mmoja kuna kibanda kifupi kilichozama ardhini, na ndani yake mashine inayorusha sahani ya lami na unga wa chokaa, yenye upana wa milimita 108. Kijana anaita, sahani inachomoka, anapiga. Kisha anafuata mwenzake.

Ndiyo maana wengi huamini kwamba hapo hakuna timu, bali kuna watu watano wanaojumlishiwa alama. Hesabu yenyewe inaipa nguvu dhana hiyo: kila mmoja hupigia sahani 25 kwa raundi, kila iliyovunjika ni alama moja, na kikosi kizima kinaweza kufikisha 125. Hakuna awezaye kuvunja sahani kwa niaba ya mwenzake. Kwa mantiki hiyo, watano walewale wakipiga siku tano tofauti, kila mtu peke yake, jumla haipaswi kubadilika. Waulize makocha: watakwambia inabadilika, na kwamba kijana anayevunja 23 katika kikosi kizuri anaweza kushuka hadi 19 akipangwa mahali pasipomfaa. Huo ni uzoefu wa uwanjani, si kipimo cha maabara, lakini ukiangalia jinsi zamu zinavyokwenda, sababu inaonekana.

Kinachowafunga pamoja ni mdundo. Fikiria wanawake watatu wanaotwanga katika kinu kimoja. Mchi mmoja ukipanda, mwingine unashuka, na hakuna anayehesabu: mkono unajua zamu yake kwa mshindo wa mchi uliotangulia. Sasa mmoja asite kidogo, labda anakaza kanga. Anayemfuata keshainua mchi wake. Unabaki hewani, mkono unaanza kuwa mzito, na ukishuka unashuka bila nguvu au unagonga mchi wa mwenzake. Kosa linaonekana kwa wa pili, ilhali limeanzia kwa wa kwanza.

Kwenye mstari wa trapu ni vivyo hivyo. Jirani wa kushoto anapopiga, wewe umeshaweka risasi yako moja. Akimaliza, unainua kitako begani na kuita. Akichelewa, unasimama na silaha ya kilo tatu na nusu hivi mikononi, na hapo ndipo mawazo huingia. Katika mchezo huu mawazo ni hatari. Sahani huondoka kwa kasi ya takriban kilomita 67 kwa saa. Marisau huchukua kama sehemu moja ya kumi ya sekunde kufika mita 30, na kwa muda huo sahani imeshasogea karibu mita mbili. Kwa hiyo huipigi pale unapoiona. Mtutu lazima uendelee kutembea nayo hata baada ya kufyatua. Anayeanza kujihakikishia husimamisha mtutu, na marisau hupita nyuma ya sahani.

Kila mmoja akishapiga mara tano, wote husogea nafasi moja kulia, bunduki zikiwa wazi na tupu. Wa tano huzunguka nyuma kwenda nafasi ya kwanza. Makocha wengi humweka mwanzoni mwa mstari kijana mwenye mwendo usiobadilika, hata kama si yeye anayevunja nyingi zaidi, kwa sababu wanne wengine wataufuata mwendo wake.

Historia ya ligi ya vijana ni fupi. Mwaka 2001, katika klabu ya Plymouth jimboni Minnesota, Marekani, Jim Sable aliona wanachama wanazeeka na hawana warithi, akaanza kuwaleta wanafunzi. Mpango huo ulikua ukawa ligi ya shule za sekondari katika majimbo mengi. Mazoezi hufanyika kwenye viwanja vya klabu, si shuleni, na mwanafunzi lazima awe na cheti cha mafunzo ya usalama wa silaha kabla ya kushiriki. Wavulana na wasichana hupiga pamoja, na hakuna benchi. Kwa maoni yangu hilo la mwisho ndilo linalovuta vijana kuliko yote: mtoto mfupi, mwenye mbio hafifu, ambaye kwenye mpira wa kikapu angekaa pembeni msimu mzima, hapa hupigia sahani 25 kama wenzake.

Ligi inajivunia rekodi yake ya usalama, na utaratibu wa bunduki tupu na wazi unaifanya iaminike, ingawa hiyo ni taarifa ya ligi yenyewe. Kutoonekana jeraha pia si mwisho wa habari. Mlio wa bunduki hizi hupita desibeli 140, kiasi cha kuharibu masikio kwa pigo moja, na marisau mengi ni ya risasi, madini yenye sumu. Kwa hiyo vizuia sauti vya masikioni havivuliwi kwenye mstari, na mikono huoshwa kwa sabuni kabla ya kugusa chakula.